Mkweche usio na kadi: Bei rahisi inayomponza mkulima

MCHUKULIE mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa. Nyanya zimeuzwa, madeni ya mbolea na dawa yamelipwa, na kwa mara ya kwanza baada ya misimu kadhaa amebaki na fedha za kueleweka mkononi. Kilichomuumiza msimu mzima ni usafiri. Kila tenga lililotoka shambani hadi barabara kuu lililipiwa nauli ya gari la mtu mwingine, na siku mwenye gari alipochelewa, nyanya ziliiva zikapasukia shambani.

Hivyo anapodokezwa kuwa kuna pikapu aina ya Toyota Hilux imeegeshwa nyuma ya gereji moja mjini, anapanda basi siku hiyo hiyo. Gari ni la zamani, rangi imechujuka na kiti cha dereva kimeshonewa gunia, lakini injini inawaka kwa ufunguo mmoja na chesisi haijaliwa na kutu. Pikapu kama hiyo ikiwa na karatasi zake, tuseme, ingeuzwa Sh9 milioni. Hii dalali anaitajia Sh5 milioni. Mkulima akiuliza mbona rahisi hivyo, anapewa jibu ambalo wanunuzi wengi wa magari ya zamani wamelisikia: kadi ipo, iko kwa mzee Dar es Salaam, wewe chukua gari, kadi itafuata.

Hapo ndipo akili inapotakiwa kutulia. Hiyo Sh4 milioni iliyopungua ni gharama ya tatizo ambalo muuzaji ameshindwa kulimaliza, au hataki, na sasa analihamishia kwa mnunuzi. Swali ni tatizo gani. Mengine yanatibika kwa wiki chache na nauli ya kwenda TRA. Mengine hayatibiki hata kwa fedha.

Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndiyo inayoonyesha nani amesajiliwa kuwa mwenye gari, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya gari na mwaka lilipotengenezwa. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye usajili anahesabiwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake ni kwamba mkulima wetu akilipa Sh5 milioni na kuondoka na pikapu, mbele ya sheria pikapu bado ni ya mtu mwingine, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya kwake.

Kadi imekwenda wapi?

Sababu ya kwanza inayotajwa na wauzaji ni kwamba kadi imepotea. Hili linawezekana kabisa. Gari lililopita kwenye mikono mingi kwa miaka 25 au 30 limehamishwa nyumba, limeibiwa redio, na karatasi zake zimelowa mvua. Lakini kadi iliyopotea kweli ina dawa: mwenye gari anatoa taarifa polisi na kupewa ripoti ya upotevu, anaapa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, anapeleka TRA na kuomba kadi mbadala. Ni kazi ya mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili, si ya mnunuzi. Kwa hiyo mtu anayesema kadi imepotea na bado hajaifuatilia, wakati anajua angeuza gari kwa mamilioni zaidi akiwa nayo, anapaswa kuulizwa kwa nini.

Mara nyingi jibu ni kwamba kadi haikupotea, bali iko rehani. Mikopo kwa dhamana ya kadi ya gari ni biashara kubwa mijini. Mkopaji anaacha kadi halisi kwa mkopeshaji, anaendelea kuendesha gari, na anatakiwa kurejesha fedha kwa riba ndani ya miezi waliyokubaliana. Akishindwa, kishawishi cha kwanza ni kuliuza gari haraka kwa fedha taslimu mbali na mahali alipokopa, kwa mtu asiyejua habari hizo. Gari linakwenda Ilula, deni linabaki mjini, na mkopeshaji ana kadi, mkataba na mara nyingine ufunguo wa akiba. Siku dalali wa mahakama au watu wa mkopeshaji watakapoifikia pikapu sokoni, ikiwa imepakia matenga 40, hawataanza kwa kumuuliza mkulima aliinunuaje.

Katika hali hii mnunuzi hana kinga kubwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni ya zamani kwamba kwa kawaida muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki kubwa kuliko ile aliyonayo mwenyewe. Aliyeweka gari rehani anauza gari lenye mzigo wa deni. Aliyeiba anauza kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Kununua kwa nia njema kunaweza kumsaidia mtu asifungwe, lakini si lazima kumrudishie gari wala fedha.

Kuna pia gari la marehemu. Mzee aliyelinunua amefariki dunia, kadi ina jina lake, na mtoto mmoja aliyebaki na ufunguo anaamua kuuza. Vijijini hili ndilo la kawaida kuliko yote, na pengine ndilo lisilo na hila. Hata hivyo mtoto huyo hana mamlaka ya kuuza hata kama ndiye aliyekuwa akiliendesha kwa miaka kumi, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Ukoo hukaa kikao, huandika muhtasari na kumpendekeza mtu, ambaye hupeleka maombi mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Barua ya usimamizi ikishatoka, msimamizi ndiye anayesaini mkataba wa mauziano na kwenda TRA.

Mnunuzi anayeruka hatua hiyo kwa sababu familia inaonekana kuelewana anasahau kwamba familia huelewana mpaka fedha zigawanywe. Mjane aliyekuwa kwao wakati wa mauzo, au ndugu wa mama mwingine anayerudi kutoka Mwanza, anaweza kudai gari la baba yake miaka miwili baadaye, na akawa na haki.

Mnyororo wa mikono

Kuna tatizo jingine ambalo halionekani kama tatizo mpaka siku ya kubadilisha jina. Mwenye gari wa kwanza alimuuzia wa pili kwa mkataba wa karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wa pili akamuuzia wa tatu, wa tatu akampa wa nne kama malipo ya deni la mahindi. Kila mmoja alikwepa kwenda TRA kwa sababu ya gharama. Sasa wa nne anauza, na ana mikataba mitatu ndani ya mfuko wa plastiki, yote ina mihuri, na hakuna hata mmoja uliosainiwa kati yake na mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi.

Kwa TRA, anayehamisha umiliki ni aliyesajiliwa. Huyo lazima apatikane, asaini, na awe na namba ya mlipakodi (TIN), kama mnunuzi naye anavyotakiwa kuwa nayo. Akiwa amehama, amekufa au hataki kusumbuliwa, mnyororo umekatikia hapo.

Gharama ambazo watu hao walikuwa wakizikwepa si za kutisha. Ada ya kuhamisha umiliki wa gari ni Sh50,000, na ushuru wa stempu ni asilimia moja ya thamani ya mauziano. Kwa pikapu ya Sh9 milioni ushuru huo ni Sh90,000. Fedha ya kadi mpya ni ndogo kuliko bei ya tairi moja. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu una kasoro nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa tayari kwenye kesi: mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ushuru huo na adhabu yake vilipwe.

Kilichowaogopesha wengi zamani kilikuwa deni la leseni ya barabara. Gari lililolala juu ya mawe miaka minane lilikuwa likihesabiwa ada kila mwaka, na siku ya kubadilisha jina deni lote lilimwangukia mnunuzi. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18 na malimbikizo yake yakasamehewa. Kwa hiyo muuzaji ambaye leo bado anajitetea kwa leseni za nyuma ama hajui, ama anaficha sababu nyingine. Yanayoweza kulidai gari sasa ni faini za trafiki, ambazo ni Sh30,000 kwa kosa na hubaki kwenye mfumo kwa namba ya gari, pamoja na ushuru wa maegesho kwa magari yaliyokuwa yakizunguka mijini. Yote hayo huonekana kabla ya kununua, mnunuzi akiwa na namba ya usajili.

Magari yaliyosajiliwa kabla ya mfumo wa sasa wa namba, ule wa T, tarakimu tatu na herufi tatu ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalikuwa na namba zinazoanza na TZ. Bado kuna Land Rover 109 na matrekta yaliyoachwa kwenye mabanda ya mashamba yakiwa na sahani hizo. Mtu anayelifufua gari la namna hiyo asitegemee kulikuta kwenye kumbukumbu za sasa kwa kutaja namba tu. Atahitaji kadi ya zamani, ukaguzi wa polisi na subira.

Lisilolipiwa kodi

Gari lisilo na kadi linaweza pia kuwa halijawahi kusajiliwa nchini. Bandari ya Dar es Salaam inapokea magari mengi yaliyotumika yanayokwenda Zambia, Malawi, Congo na kwingineko. Magari haya, maarufu kama IT, husafiri kwa barabara zetu bila kulipiwa kodi ya hapa kwa sababu hayakusudiwi kubaki hapa. Barabara hiyo ya Tunduma inapita Morogoro, Iringa na Mbeya, yaani katikati ya wakulima wenye shida ya usafiri. Gari linalochepushwa njiani huuzwa rahisi, na kadi hakuna kwa sababu haikuwahi kuwapo.

Mwingine ni gari la mradi, la ubalozi au la shirika lililoingizwa kwa msamaha wa kodi. Land Cruiser ya namna hiyo ikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa inadaiwa. Gari lililosajiliwa Zanzibar nalo lina utaratibu wake wa kuhamia Bara, na tofauti ya kodi hulipwa.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mali isiyolipiwa ushuru inaweza kukamatwa ikiwa mikononi mwa yeyote. Anayetaka kulihalalisha anakutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18 na adhabu, na kwa gari lililozidi miaka 10 kuna ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Kwa mkweche, hesabu hiyo inaweza kuipita bei ya gari lenyewe. Wapo wanaoliacha kituoni.

Kusoma chuma

Kama muuzaji anatoa kadi, kazi haijaisha. Kadi husafiri bila magari. Gari likipata ajali na kukatwa spea, kadi yake inabaki na thamani kwa mtu mwenye gari la wizi la aina ile ile, kwa kuwa anaweza kulivisha jina la marehemu. Kwa hiyo mnunuzi anatakiwa kulala chini ya gari na tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa.

Kwenye Hilux za zamani namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya fremu upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Kwenye Land Rover 109 itafutwe mbele kulia, pale springi inapofungwa. Magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika huwa na namba fupi kuliko zile za tarakimu na herufi 17 za Ulaya: inaanza na alama ya modeli, kwa mfano LN106, kisha kistari na tarakimu saba. Alama hiyo inasema mengi. LN106 ni Hilux ya dizeli inayovuta magurudumu yote manne. Kadi ikisema hivyo na gari lililosimama mbele yako ni la petroli linalovuta nyuma tu, kuna mtu wa kuulizwa.

Namba iliyogongwa kiwandani ina mstari ulionyooka na kina kinacholingana. Sehemu iliyosagwa kwa mashine, iliyochomelewa kipande, au iliyopakwa rangi mpya wakati fremu nzima imekula kutu, ni dalili mbaya. Fundi wa bodi huona haraka kuliko mnunuzi, ilimradi asiwe fundi aliyeletwa na dalali.

Injini ina habari tofauti kidogo. Magari mengi ya zamani nchini yamebadilishwa injini, na Land Rover iliyowekwa injini ya Isuzu au Toyota 3L si jambo la ajabu kwa mtu anayepanda milima ya Mgeta na viazi. Kuibadilisha si kosa. Kosa ni kutobadilisha taarifa kwenye usajili, kwa sababu trafiki akifungua boneti anaona namba moja na kadi inasema nyingine. Injini yenyewe pia iwe na risiti, kwani nayo inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu. Kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na maelezo ya kwamba niliuziwa na kijana wa gereji hayatoshi kama kijana mwenyewe haonekani.

Polisi hulikagua gari kwa ombi la mnunuzi, na ofisi ya Interpol nchini inaweza kuangalia kama chesisi hiyo inatafutwa nje ya nchi. Muuzaji anayekataa gari lisipelekwe polisi kwa sababu ana haraka ameshajibu.

Fedha zitoke lini

Wanunuzi wengi hupoteza kwa kukosea mpangilio. Wanalipa, wanachukua gari, kisha wanaanza kuifuatilia kadi. Muuzaji akishapokea fedha hana sababu ya kupanda basi kwenda popote, na simu yake huanza kuwa haipatikani.

Mpangilio wenye akili ni kinyume chake. Mnunuzi anapewa kwanza namba ya gari na nakala ya kadi, anazipeleka TRA kulinganisha jina, chesisi na madeni. Kama kadi imepotea, muuzaji aliyesajiliwa anaomba kadi mbadala kwa gharama zake, na mnunuzi anaweza kuweka amana ndogo kwa wakili akiona gari litamponyoka. Kama kadi iko kwa mkopeshaji, wote watatu wanakutana ofisini kwake, deni linakatwa kwenye bei, na kadi inatoka siku hiyo pamoja na barua ya kumaliza mkopo. Kama ni mirathi, familia inamaliza mahakama kwanza. Mkataba unasainiwa mbele ya wakili ukiwa na picha za pande zote mbili, na sehemu kubwa ya fedha inatoka siku maombi ya kuhamisha jina yanapopelekwa.

Muuzaji mwaminifu naye ana faida hapo. Gari likiondoka bila kubadilishwa jina, faini ni za kwake, na pikapu ikigonga mtu Kitonga, wa kwanza kutafutwa ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Kampuni ya bima nayo kabla ya kulipa fidia huomba kadi, na mwenye bima kubwa aliyekata kwa jina lake wakati kadi ni ya mwingine ana maelezo ya kutoa.

Kwa mkulima wetu wa Ilula, hesabu inaweza kukaa hivi. Atoe wiki mbili na nauli, aambatane na muuzaji mpaka TRA Iringa. Kadi ikipatikana, atoe hata Sh8.5 milioni kwa roho safi, kwani gari hilo litapita kila kizuizi, litakopesheka benki msimu mbaya ukija, na litauzika. Kadi isipopatikana, arudi nyumbani na fedha zake na aendelee kulipia nauli ya matenga msimu mmoja zaidi.

Au kama mwenye gari anajulikana kijijini na mwenyekiti yupo kushuhudia kuwa ni mali yake, lakini karatasi zimeshindikana kabisa, basi pikapu hiyo inunuliwe kwa bei ya spea, si bei ya gari. Gia boksi na springi zina wateja. Ekseli na magurudumu mawili ya nyuma ni mali kwa fundi wa kuchomelea, ambaye atayafunga chini ya bodi ya mbao na kupata mkokoteni wa ng'ombe. Huo utafikisha nyanya barabarani polepole, na hakuna trafiki atakayeuomba kadi.